Corolla ya Zamani Itengenezwe Kuanzia Chini

Barabara inayotoka Sigor kuingia Chebunyo haina magari mengi mapya. Bodaboda ndizo nyingi, zikifuatwa na Probox zilizosheheni watu na mizigo, halafu magari madogo ya familia: Corolla ambazo watu wanazijua kwa nambari tu, 100, 110 na NZE, pamoja na Nissan B14 na B15. Baadhi bado yana nambari za usajili zinazoanza kwa KA, mfululizo uliofika mwisho 2007. Ndiyo magari yanayompeleka mwalimu shuleni na muuguzi kazini Longisa, na ndiyo yanayogongewa mlango usiku wa manane mama mjamzito anaposhikwa na uchungu.

Wenyewe wanayapenda. Karibu kila moja limeongezwa kitu: rimu za aloi, spesa za kuliinua, taa nyeupe zinazochoma macho, tinti, spika mbili kwenye buti. Kulipenda gari kuukuu na kulitengeneza upya si upuuzi hata kidogo. Katika nyanda hizi za Bomet na Kericho, huenda huo ndio uamuzi wa busara zaidi ambao familia ya kipato cha kawaida inaweza kufanya kuhusu usafiri. Kasoro iko kwenye mpangilio. Pesa huishia mahali panapoonekana, huku breki, usukani na magurudumu yakingoja mavuno yajayo.

Hesabu yenyewe haina utata. Kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, hakiruhusu gari lililotumika ng'ambo kuingia Kenya likiwa limezidi miaka minane. Corolla ya kizazi cha NZE ilianza kuuzwa Japan 2000, na sedani ya kizazi hicho iliacha kuundwa huko 2006. Kwa kanuni hiyo, mlango wake ulifungwa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Anayetaka gari la umri mdogo hukutana na ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa unaoanzia asilimia 20 na VAT ya asilimia 16, kila mmoja ukitozwa juu ya uliotangulia. Mfugaji anayelipwa na chama cha maziwa mwisho wa mwezi akishapiga hesabu hiyo, hurudi kwa Corolla ya jirani anayeuza.

Na harudi kwa gari baya. Injini ya 5A-FE, yenye sentimita za ujazo 1,498 na inayopatikana katika 100 na 110 nyingi, hutumia mkanda wa taimingi ambao fundi hodari wa kijijini hubadilisha chini ya mti. Ukikatika safarini gari huzima, lakini vali na pistoni hazigongani, kwa hivyo injini hupona. Ile ya 1NZ-FE iliyomo ndani ya NZE ina mnyororo badala ya mkanda; haidai kubadilishiwa kwa ratiba, ila inadai oili safi bila kucheleweshwa. Gari la namna hii likitunzwa, umri wake ni jambo dogo.

Ukanda huu una ushahidi wake. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho 1932, alishinda mashindano ya East African Safari 1965 akiwa na nduguye Jaswant ndani ya Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kukimbizwa na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia, na umbo lake lilitokana na PV444, gari lililoonyeshwa hadharani mara ya kwanza 1944. Volvo yenyewe iliacha kuliunda mwaka huohuo wa ushindi. Singh, ambaye mashabiki walimwita Simba wa Kenya, alirudi kushinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa, na Safari ya enzi hizo ilihitaji jicho la fundi: 1963 na tena 1968, ni magari saba pekee yaliyofika mwisho. Lililoshinda 1968 lilikuwa Peugeot 404, gari la familia la milango minne ambalo wakati huo lilikuwa likibeba abiria wa kawaida kila pembe ya Kenya. Mawe, mito na matope ndivyo vilivyowang'oa wengine, na vyote hivyo humpiga dereva kwa chini.

Basi tuanzie hapo chini. Hakuna anayeinua gari Chebunyo kwa mbwembwe. Mvua ikinyesha, udongo hukatwa na magurudumu ya malori mpaka katikati ya njia panabaki tuta, na gari fupi husugua sampu hadi oili inamwagika. Fundi huweka spesa juu ya springi, gari hupanda, mwenye gari hufurahi. Kinachosahaulika ni kwamba gari lenye umri wa miaka ishirini huwa limeshuka lenyewe kwa sababu springi zake zimechoka. Spesa juu ya springi iliyochoka huongeza urefu bila kuongeza nguvu. Shafti za magurudumu ya mbele huanza kuzunguka kwa pembe ambayo hazikuundiwa, na raba zake hupasuka mapema. Mipira ya breki huvutika. Magurudumu hukaa upande, tairi likaliwa ubavu mmoja. Gari pia huyumba zaidi kwenye kona, hasa likiwa na watu watano na gunia la mahindi.

Springi mpya za kipimo sahihi, shoki nne nzuri, bushi na boljointi zikibadilishwa kwa pamoja, kisha magurudumu yakapimwa na kunyooshwa, hurudisha urefu mwingi uliopotea. Ikibidi spesa, iwe nyembamba, na kinga ya chuma chini ya sampu ifuate. Kazi hiyo haionekani mtu akiegesha gari sokoni. Inaonekana dereva anapokwepa ng'ombe ghafla na gari likamtii.

Breki ndizo zenye mengi ya kusemwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani kadiri miaka inavyopita. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu ambao dereva amekanyaga breki muda wote, joto hilo hufikiwa, mafuta hugeuka mvuke na pedali huzama hadi sakafuni. Hakuna anayehitaji kwenda mbali kutafuta mteremko wa namna hiyo. Safari ya Nakuru kupitia Kericho inayo ya kutosha. Kuyabadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili ni kazi ya muda mfupi, na gharama yake haifikii bei ya spika moja. Wengi hawajawahi kuifanya tangu waliponunua gari.

Tairi nalo lina siri iliyoandikwa wazi ubavuni. Tarakimu nne mwishoni mwa msimbo wake hutaja wiki na mwaka wa kuundwa: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la aloi inayometa likiwa limeundwa miaka hiyo, raba yake imekauka hata kama meno yanaonekana mazima.

Kuna desturi nyingine inayopaswa kukoma katika gereji zetu, nayo ni kung'oa themostati kila gari linapochemka. Themostati ya Corolla hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, ili injini ipate joto haraka kisha maji yaanze kupita kwenye rejeta. Ikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hasa asubuhi za Kericho zenye ukungu. Hula petroli zaidi na kuchakaa upesi. Hasara hiyo si ndogo, na mwenye gari anayekumbuka Septemba 2023, lita ya petroli ilipopita Sh200 jijini Nairobi, anajua uzito wake. Mara nyingi chanzo cha kuchemka ni kifuniko cha rejeta kilicholegea. Katika kimo cha mita 2,000, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na kifuniko ndicho kinachoyabana yasifike huko mapema. Kifuniko kipya na maji ya rangi yenye kemikali sahihi vingeokoa injini nyingi.

Taa ni suala la majirani. Balbu kali za rangi nyeupe zikipachikwa ndani ya kikombe kilichoundwa kwa balbu ya kawaida, mwanga hutawanyika na kumpofusha anayekuja. Kwenye barabara isiyo na taa wala ukingo, anayekuja ni mwendesha boda aliyebeba abiria wawili. Kusafisha vioo vya taa vilivyofifia na kunyoosha nyaya kuukuu huleta mwanga mwingi bila kumdhuru mtu.

Haya yote hayasemwi kumkataza kijana kupaka gari lake rangi anayoitaka. Rangi mpya, viti vilivyoshonwa upya na muziki mzuri humfanya mtu alitunze gari, na anayelitunza huligundua tatizo mapema. Abadilishe rangi, mradi aandikishe mabadiliko hayo kwa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, ili kitabu cha gari kilingane na gari lenyewe.

Serikali ina deni lake. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kila mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani ya gari kwa mwaka, kiwango cha chini kikiwa Sh5,000. Pendekezo hilo liliondolewa Juni mwaka huo maandamano yalipoanza, kabla mswada wote haujaanguka, na ilikuwa haki liondolewe, kwa sababu lingechukua pesa ileile ya shoki na tairi bila kulifanya gari lolote kuwa salama. Mwaka 2025 ilikuja rasimu ya kanuni za ukaguzi zinazogusa hata magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne. Wazo hili la pili lina maana. Gari linalobeba watoto likaguliwe. Lakini ukaguzi usiwe sababu ya mtu kupoteza siku nzima na nauli ya kurudi, wala mwanya wa kutoa kitu kidogo ili karatasi igongwe muhuri. Uende pamoja na msako dhidi ya pedi na boljointi ghushi madukani, jambo ambalo KEBS na Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi zina nguvu za kisheria kulifanya.

Halafu kuna fundi mwenyewe. Wengi walijifunza kwa kushika spana utotoni, na hawana karatasi yoyote ya kuonyesha. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa majaribio ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na nchi sasa ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Kaunti ya Bomet ilete majaribio hayo Sigor na Chebunyo kabla kanuni za ukaguzi hazijaanza kutekelezwa, na ilipie ada ya mafundi watakaojitokeza mwaka wa kwanza. Fundi atakayefaulu apewe nambari, aiandike kwenye risiti ya kila kazi ya breki na usukani anayoifanya, na mkaguzi wa NTSA aianze kazi yake kwa kuisoma risiti hiyo.