Mwenye Mali Asiulize Hesabu?

Ndugu wananchi wa Lualaba, kutoka Kolwezi mpaka Musumba kwa Mwant Yav, wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani wa migodini twalijua neno hilo, maana kazi yetu ni daftari. Leo twataka kuuliza juu ya daftari kubwa kuliko yetu.

Hisa ni fungu la mali ya kampuni. Mwenye hisa humpa meneja mali yake aitunze, naye meneja hana budi kumwonyesha hesabu. Hesabu ikiwa mbovu, imani hukatika.

Tazameni jambo la Katanga Mining. Kampuni hii, iliyokuwa chini ya Glencore ya Uswisi, iliuza hisa zake katika soko la Toronto, Kanada, na ilikuwa na mafungu 75 kwa 100 ya KCC, wachimbaji wa Kamoto. Mwezi wa Novemba 2017 ilikiri kwamba hesabu zake za miaka ya nyuma zilikuwa na makosa. Wakubwa watatu wa baraza lake, watu wa Glencore, wakajiuzulu. Mwezi wa Desemba 2018, wasimamizi wa soko katika jimbo la Ontario wakaitoza kampuni na baadhi ya waliokuwa wakubwa wake zaidi ya dola milioni 30 za Kanada. Basi mtu wa Toronto mwenye hisa kidogo tu alikuwa na mahali pa kusemewa.

Na mafungu 25 yaliyobaki ya KCC ni ya nani? Ni ya Gécamines. Gécamines ni ya nani? Ni ya Serikali, mia kwa mia. Na Serikali ni ya nani, kama si yetu sisi?

Mwezi wa Aprili 2018 Gécamines ilikwenda mahakamani kutaka KCC ivunjwe, kwa kuwa madeni yalikuwa yamekula mtaji wote. Sehemu kubwa ya madeni hayo KCC ilidaiwa na wakubwa wake wenyewe. Ndiyo kusema aliyekopesha huhesabiwa riba yake kwanza, na mwenye fungu hungoja nyuma. Mwezi wa Juni wakapatana: deni la dola bilioni 5.6 likageuzwa hisa, na Gécamines ikaahidiwa dola milioni 150. Twauliza kwa adabu: mtu wa Kolwezi alisomewa wapi matumizi ya fedha hizo?

Hatuulizi kwa chuki. Union Minière ilipotaifishwa mwanzoni mwa 1967, tuliambiwa mali imerudi kwa wenyewe. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Lakini watawala wa Mobutu walichota fedha zilizopasa kununua mashine. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990. Mafundi wengi wa Kasai wakafukuzwa 1992 na 1993. Mwaka 1994 shaba haikufika hata tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa fedha za Benki ya Dunia, baada ya kukaa miezi mingi bila mshahara. Meneja alikosea, mtoto wa mfanyakazi akatolewa shule.

Wako wasemao ati hesabu ni mambo ya wasomi wa Kinshasa. La! Mama anayeuza unga sokoni ajua faida na hasara, naye hamwachii mtu duka lake bila kuhesabu jioni.

Kwa hiyo twadai mawili. Kwanza, hesabu za Gécamines na za mafungu yake yote zisomwe hadharani kila mwaka, Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, kwa Kiswahili. Pili, wakubwa wake wajibu maswali papo hapo mbele ya watu. Wakijibu vizuri, tutawaamini. Wakishindwa, waondolewe kama wale wa Toronto walivyoondoka.

Kila tawi lijadili neno hili na kuwaandikia wabunge wake. Uhuru na hesabu!