Muhuri Haushiki Freni

Ndugu zangu wa Kiambi, na ninyi mnaotoka Manono mkivuka Luvua kwetu kwenda Kalemie, nina neno la kuwaambia juu ya kontrole teknike, ile karatasi ya kila mwaka inayosema kwamba gari lako ni zima na linafaa kubeba watu. Najua wapo watakaocheka. Watasema barabara yenyewe haipo, gari lipimwe la nini? Nivumilieni. Ni kwa sababu barabara ni mbovu ndiyo maana nasema.

Tusidanganyane. Kwetu karatasi hii watu wengi huitafuta kwa ajili ya barie za askari barabarani. Shofere huitia katika mfuko wa plastiki pamoja na karte rozi, permi na asiransi, na akisimamishwa anaitoa. Askari anasoma tarehe, anautazama muhuri, kisha yanazungumzwa yale yanayozungumzwa siku zote. Hakuna aliyeinama kutazama chini ya gari. Pengine hata siku karatasi ilipoandikwa hakuna aliyeinama. Gari lilibaki kijijini limeegeshwa chini ya mwembe, karatasi ikasafiri mfukoni mwa mtu hadi mjini, ikarudi imegongwa muhuri. Mwenye gari amenunua amani ya miezi 12, naye ameridhika. Amani hiyo ni ya askari tu. Mteremko hausomi tarehe.

Sheria tunayo, wala si changa. Sheria ya barabara ya nchi hii ilitungwa tarehe 30 Agosti 1978, wakati ule ikiitwa Zaire. Iko pia Tume ya Taifa ya Kuzuia Ajali Barabarani, CNPR, na iko OCC, Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, ambayo kila mfanyabiashara wa bandari ya Kalemie anaijua. Kilichokosekana ni mtu mwenye taa na nyundo atakayeingia chini ya kamio kabla halijapakia.

Nianze na freni, maana hapo ndipo tunapofanya dhambi kubwa. Mafuta ya freni ni ghali, na mara nyingi hayapatikani mbali na mji. Basi dereva akiona yamepungua anaongeza alichonacho: mafuta ya injini, au maji yenye sabuni. Asubuhi akikanyaga, freni zinashika, naye anasema mambo ni sawa. Sikilizeni inavyokuwa. Mafuta halali ya freni, hata yale ya kawaida yanayoandikwa DOT 3 kwenye chupa, yakiwa mapya hayachemki mpaka yafikie nyuzi 205. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Gari likiteremka mlima mrefu na mzigo, dereva akiwa amekanyaga freni muda wote, chuma cha gurudumu kinapata moto hata mate yakiangukia yanakauka papo hapo. Maji yaliyo ndani ya bomba yanageuka mvuke. Nao mvuke unabonyea, tofauti na maji. Mguu unazama mpaka chini na gari haliulizi. Wenzetu wanaoshuka milima ya Marungu wanajua ninachosema. Ama mafuta ya injini, hayo yanaivimbisha mipira iliyo ndani ya mitambo ya freni mpaka inakwama au inavuja. Hilo halionekani siku ya kwanza wala ya pili. Hata chupa halali iliyoachwa wazi dukani ni ya kushukiwa, kwa kuwa mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa, na sisi tunaishi kando ya mto.

Kamio kubwa zinafunga kwa hewa, si kwa mafuta, lakini nazo zina lao: tangi la hewa hujikusanyia maji, na yasipomwagwa kila siku yanakula chuma na kuziba njia. Kulimwaga ni kazi ya konvuaye, ya dakika moja. Muulizeni mara ya mwisho alifanya lini.

Sasa taa. Nchi yetu tunaendesha kulia. Lakini magari mengi yanayotufikia yamepitia bandari ya Dar es Salaam, na yalitengenezwa kwa ajili ya nchi zinazoendesha kushoto. Watu wanalitazama suala la usukani tu, wanasahau taa. Taa ya gari la namna hiyo, hata ukiishusha, mwanga wake umeelekezwa kupanda upande wa kushoto ili dereva aone ukingo wa njia yake. Kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Kwa hiyo unampiga mwanga machoni huku ukiamini umemheshimu kwa kushusha taa. Kituo halisi cha kontrole kina kifaa cha kupimia jambo hili. Ukuta wa shule nao unaweza kusaidia: egesha gari mbele yake usiku, shusha taa, utazame mwanga unapanda upande gani.

Matairi ni habari fupi. Tunanunua yaliyotumika Ulaya na Japani, tunatazama kashata zake tu, kama bado ni ndefu. Tazameni ubavuni. Kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, mbili za juma na mbili za mwaka: 1214 maana yake juma la 12 la mwaka 2014. Mpira unazeeka hata ukiwa dukani. Tairi lenye kashata nzuri na umri wa miaka 12 ni mzee aliyepakwa rangi nywele.

Mtaniuliza: basi kituo kiko wapi? Hapo ndipo penye hoja yangu. Kutoka hapa mpaka Kalemie ni zaidi ya kilomita 200, na wanaosema nenda Lubumbashi wanasema rahisi. Gari lililoweza kufika Kalemie limekwisha kupimwa na njia; lisiloweza, ambalo ndilo linahitaji kupimwa, haliwezi kwenda. Tena kumwambia mwenye kamio moja aache kazi siku nyingi, achome mafuta, alipe kila barie kwenda na kurudi, ili apate ruhusa ya kufanya kazi, ni kumfundisha kutuma karatasi peke yake. Simtetei, ila sishangai.

Mwenye nafsi ya haki anayekwenda Kalemie na asiulizie barabarani kwa watu wa pembeni. Agonge mlango wa Divisheni ya Transpoti ya mkoa, na pia wa OCC, aulize mambo matatu kabla hajatoa faranga: bei iliyoandikwa ni ipi, malipo yanafanyika wapi na kwa risiti gani, na gari litatazamwa na nani. Akiambiwa gari si lazima lionekane, ajue pale anauziwa nini.

Rwanda jirani zetu walikutana na shida hii ya umbali. Mashine zao zilikuwa Kigali, pale Remera, chini ya polisi, na watu wa mikoani wakalalamika kama sisi. Mashine zikapelekwa kwao, mpaka vituo vikafunguliwa Musanze, Huye na Rwamagana. Magari ya abiria na ya mizigo wanayapima kila miezi 6, ya mtu binafsi mara moja kwa mwaka. Sisemi tuige kila kitu cha Kigali. Nchi yao ni ndogo na lami yao ni ndefu. Nasema kontrole inaweza kumfuata mwenye gari. Uganda walipita njia nyingine: kazi ilipewa kampuni ya kigeni, watu wakaona ni tozo jipya, kelele zikafika Bungeni, na Bunge likataka mkataba uvunjwe. Mkoa wetu wa Tanganyika, tangu ulipomegwa kutoka Katanga mwaka 2015, una njaa ya mapato. Kontrole ikija kwa sura ya mapato itakufa vivyo hivyo, na itastahili kufa. Barie moja zaidi hatuitaki.

Hapa najua nagusa watu. Lakini hata tukiwa na mkoa mwadilifu kuliko yote, kungoja si lazima. Mwaka 1865, mjini Mannheim huko Ujerumani, tangi la mvuke la kiwanda cha pombe lilipasuka. Mwaka uliofuata wenye mitambo wenyewe waliunda chama cha kukaguliana matangi yao. Hawakungoja serikali, na hawakufanya hivyo kwa upendo, waliogopa hasara. Kutoka vyama vya namna ile ndiko zilikotoka zile taasisi za TÜV zinazopima magari ya Ujerumani hadi leo. Sisi wenye kamio, wenye jipu, wenye pikipiki za kukodi, tunashindwa nini kuchagua mafundi wawili wanaoaminika na kukubaliana kwamba hakuna chombo kinachopakia abiria Kiambi bila kutazamwa nao?

Wala mafundi hao wasianze na mambo 40. Waingereza walipoanza kupima magari mwaka 1960 walipima freni, usukani na taa, na tena kwa magari yaliyotimiza miaka 10 tu. Umri ulishushwa kidogo kidogo, na ilipofika 1967 ukawa miaka 3. Kwetu ningeongeza matairi na springi, kwa sababu ya mashimo. Usukani hauhitaji mashine: mmoja atikise gurudumu la usukani akiwa ndani, mwingine alale chini atazame rotule zinacheza kiasi gani. Springi zihesabiwe bamba moja moja, maana lililokatika hujificha katikati ya wenzake. Nati za magurudumu zikazwe upya. Haya yote ni kazi ya nusu saa, na faranga atakazolipwa fundi hazifiki bei ya tairi moja.

Na iwe lini? Karatasi inasema mara moja kwa mwaka. Mwaka wa nani? Mwaka wa lami ya Ulaya si mwaka wetu. Huku mvua inaanza Oktoba na kutuacha Aprili, na katika miezi hiyo kamio linazama, linavutwa, linalala kwenye tope siku nyingi, freni zinajaa mchanga, grisi inaoshwa. Gari lililopimwa Septemba si lile lile la Mei. Kwa rai yangu, magari yapimwe mara mbili: mwishoni mwa kiangazi kabla ya mvua, na tena tope linapokauka.

Motari, waendesha pikipiki za kukodi, wasijifiche nyuma ya kamio. Sisi wa Kiambi tunapanda pikipiki kuliko kitu chochote, mama mjamzito anapelekwa hospitali kwa pikipiki, na nyingi hazina taa ya nyuma na freni ya mbele imefungwa kwa makusudi eti inaangusha. Freni ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi. Inamwangusha asiyefundishwa kuitumia. Hilo chama cha motari kinaweza kulimaliza kwa mwezi mmoja kikitaka.

Sitawaambia kwamba ukaguzi unamaliza ajali. Lile kamio la mafuta lililopinduka Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010 na kuua watu zaidi ya 230, hata lingekuwa na freni mpya, lilikuwa likijaribu kulipita gari lingine ndani ya mji, na watu wakakimbilia mafuta yaliyomwagika. Akili ya dereva haina muhuri. Na treni iliyoanguka Mayibaridi, humu mkoani mwetu, tarehe 12 Septemba 2019: hata idadi ya waliokufa ilibishaniwa, kwa kuwa waliodandia hawakuandikwa popote. Sisi tunapanda kamio namna ile ile, juu ya magunia ya mihogo na matenga ya samaki, bila jina kuandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Watu nao vilevile. Basi daftari la mafundi wale wawili liwe na kurasa mbili kwa kila safari: upande mmoja hali ya gari, upande wa pili majina ya waliopanda.

Nguvu ya kulazimisha hayo hamna haja ya kuiomba kwa askari. Iko kwa wenye mizigo. Mama anayepeleka mafuta ya mawese Manono, mfanyabiashara anayeleta chumvi na sabuni kutoka Kalemie, parokia inayokodi gari kupeleka watoto mitihani, zoni ya afya inayosafirisha chanjo: kila mmoja aulize daftari kabla hajatoa pesa ya njia. Shofere akikosa mzigo mara mbili ataleta gari kwa fundi mwenyewe bila kusukumwa.

Kwa upande wa serikali ombi letu liwe moja na liandikwe. Siku zitangazwe kabla ya Oktoba kila mwaka ambapo watu wa Divisheni na wa OCC watafika Manono, na kisha wasimame Kiambi kwenye kivuko, wakiwa na vifaa vyao, na bei ikiwa imebandikwa ukutani. Malipo kwa risiti. Na gari lililoshindwa lipewe muda wa kutengenezwa badala ya kutozwa faini. Barua hiyo iandikwe na wenye magari, chama cha motari, wakina mama wa soko na wazee wa makanisa yote, ipelekwe kwa administrata wa teritori kule Manono, na nakala kwa wabunge wetu wa mkoa walioko Kalemie, wakati kiangazi bado kipo na njia inapitika.