Mnunuzi wa Sarafu za Kale Apime Kabla ya Kulipa

Biashara ya sarafu za kale imeacha kuwa shughuli ya maduka machache ya Ulaya na Marekani. Siku hizi mtumishi wa serikali aliyeko Songea, au mwalimu aliyeko Kigoma, anaweza kukaa jioni na simu yake ya mkononi, akaufuata mnada unaoendeshwa London au Munich, akataja bei yake, na kabla hajalala akawa mwenye rupia ya Wajerumani au reale ya Unguja. Hilo kwa lenyewe ni jambo jema. Sarafu zilizotumika pwani na bara ya Afrika Mashariki zilitawanyika ulimwenguni wakati wa ukoloni, na si haki kwamba wenye historia hiyo wawe watu wa mwisho kuzishika mikononi.

Lakini mlango uliofunguliwa kwa mnunuzi umefunguliwa pia kwa mlaghai. Katika minada hiyo hiyo ya mtandaoni zinauzwa sarafu bandia na nakala za kisasa, zikipewa majina ya sarafu halisi. Mnunuzi haoni sarafu, anaona picha. Na picha haina uzito, haina mlio, haina ukingo wa kupapaswa kwa kidole. Anayenunua kwa picha peke yake amemkabidhi muuzaji fedha zake, na akili yake amemkabidhi pia.

Hapana budi kwanza maneno yatenganishwe, kwa sababu mlaghai hustawi pale maneno yanapochanganywa. Kuna sarafu bandia, iliyotengenezwa kwa nia ya kudanganya. Kuna nakala, iliyotengenezwa kwa ajili ya maonyesho au pambo, ambayo haina kosa lolote iwapo imetajwa kuwa ni nakala. Ndiyo sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inataka nakala za sarafu ziandikwe juu yake neno COPY. Tena kuna sarafu iliyopigwa upya na kiwanda halali cha serikali kwa kutumia sura na tarehe ya zamani. Hizi tatu si kitu kimoja. Nakala iliyofutwa alama yake, kisha ikauzwa kama halisi, imekuwa bandia kuanzia siku hiyo.

Mfano bora wa aina ya tatu ni reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambayo wazee wa pwani waliifahamu vyema. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na sarafu yenye kichwa chake iliendelea kupigwa ikiwa na tarehe hiyo hiyo ya 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni, Ethiopia na Unguja walikataa kupokea sura nyingine. Mwaka 1935 serikali ya Mussolini ilipata mihuri ya kuipigia ili kuitumia katika vita vyake dhidi ya Ethiopia, na baada ya hapo Waingereza nao wakaanza kuipiga London. Kwa hiyo reale yenye tarehe ya 1780 inaweza kuwa imepigwa Vienna, Roma, London au Bombay, tena katika karne ya ishirini, na bado ikawa fedha halisi yenye thamani yake. Anayeiuza na kusema hivyo ni mfanyabiashara mwaminifu. Anayeiuza kwa bei kubwa akidai kwamba imepigwa malkia mwenyewe akiwa hai anasema uongo juu ya sarafu ya kweli. Ulaghai wa namna hii ni mgumu kuutambua, maana mizani haitaukamata. Utakamatwa na elimu tu.

Mfano wa pili unatoka ndani ya Tanzania. Mwaka 1916 majeshi ya Wajerumani yalikuwa yamezingirwa, meli za Waingereza zimefunga bahari, na koloni halikuwa tena na sarafu za kutosha. Ikaanzishwa karakana ya muda mjini Tabora, na humo ikapigwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo na nyuma yake mlima, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000 tu. Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Sarafu hiyo ni chache, inapendeza macho, na ina kisa cha vita. Kwa hiyo inatafutwa na wengi, na kinachotafutwa na wengi ndicho kinachoigwa.

Ujanja wa waigaji unafaidika na hali ya sarafu yenyewe. Kwa kuwa sarafu halisi ilitengenezwa kwa haraka katika karakana isiyo na mitambo kamili, mlaghai ana kisingizio tayari kwa kila kasoro. Herufi zimefifia? Atajibu kwamba ndivyo zilivyokuwa wakati wa vita. Tembo hana mikunjo ya ngozi? Ndiyo kazi ya Tabora. Jibu la mnunuzi kwa maneno hayo liwe moja: uzito ni gramu ngapi? Sarafu halisi ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na dhahabu yake ni sehemu 750 katika 1,000. Karakana ya vita huweza kukosea mkunjo wa sikio la tembo. Haikukusudia kukosea dhahabu.

Hesabu hiyo inampa mnunuzi silaha nyingine. Ndani ya sarafu moja ya tembo mna zaidi ya gramu 5 za dhahabu safi. Mnunuzi na aulize bei ya gramu moja ya dhahabu siku hiyo, azidishe mara tano, kisha atazame bei ya muuzaji. Ikiwa sarafu inatolewa kwa bei iliyo chini ya dhahabu iliyomo ndani yake, basi ama muuzaji ni mwendawazimu, ama dhahabu haimo. Wendawazimu wa namna hiyo ni wachache mno sokoni.

Zipo dalili zinazoonekana hata katika picha. Bandia nyingi hufanywa kwa kumimina madini yaliyoyeyushwa katika kalibu. Sarafu halisi hizi zilipigwa kwa nguvu kati ya mihuri miwili ya chuma. Kumimina huacha alama zake: vipele vidogo au vitundu juu ya uso, herufi zenye kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika, na mara nyingine mstari mwembamba unaozunguka ukingo pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Kwa hiyo mnunuzi adai picha ya ukingo, na si ya nyuso mbili tu. Ukingo wa reale halisi una maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na huruma, yaliyoinuka na kutenganishwa kwa mapambo. Palipo na ukingo mtupu hapana reale.

Dalili kubwa kuliko zote ni mfanano. Hakuna sarafu mbili zilizozunguka sokoni miaka mingi zikapata mikwaruzo ileile mahali palepale. Mnunuzi akiona sarafu mbili, katika minada miwili, zenye kovu lile lile shavuni mwa mfalme, ajue kwamba zote mbili zimetoka katika kalibu moja, au kwamba picha moja imeibwa na kutumiwa na wauzaji wawili. Minada mikubwa huhifadhi picha za mauzo ya miaka iliyopita, na kuzitazama hakuna malipo. Kadhalika, mnunuzi amwombe muuzaji apige picha mpya, sarafu ikiwa kando ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo. Mwenye sarafu mkononi hatashindwa na jambo dogo kama hilo.

Maneno ya muuzaji nayo yapimwe. Asemaye kwamba yeye si mtaalamu, amerithi tu kutoka kwa babu yake, mnunuzi aamue mwenyewe kwa kutazama picha, wala bidhaa ikishauzwa hairudishwi, huyo amekwisha kujiosha mikono kabla ya kosa kugunduliwa. Muuzaji wa kweli hutaja uzito, upana na madini, na hukubali kurudishiwa mali yake ikibainika kuwa si halisi.

Wako wanaotegemea vikasha vya plastiki vinavyofungwa na kampuni za wataalamu wa Marekani, kama vile PCGS iliyoanza kazi mwaka 1986 na NGC iliyofuata mwaka 1987. Kampuni hizo zimefanya kazi kubwa. Lakini walaghai wameiga hata vikasha, na namba zilizoandikwa juu yake wamezinakili kutoka vikasha vya kweli. Namba peke yake haitoshi. Sharti itafutwe katika kumbukumbu za kampuni, na pale ambapo ipo picha, ilinganishwe na sarafu inayouzwa. Hali kadhalika, amri za masoko hazitoshi. Kampuni ya eBay ilipiga marufuku uuzaji wa nakala za sarafu mwaka 2012, lakini amri iliyoandikwa haikagui kila bidhaa inayopandishwa usiku wa manane.

Sarafu ikishafika, ipimwe kabla muda wa kuirudisha haujapita. Vifaa ni vichache: mizani ndogo ya sonara, rula, kioo cha kukuza, sumaku na kikombe cha maji. Reale iwe na uzito wa gramu 28.07 hivi, na rupia moja ya fedha ya Wajerumani gramu 11.66, ikipungua kidogo kwa kuchakaa. Sumaku ikiivuta, shauri limekwisha. Lakini isipoivuta, shauri bado, maana shaba nayo haivutwi. Hapo ndipo maji hutoa hukumu. Kikombe cha maji kiwekwe juu ya mizani, mizani irudishwe kwenye sifuri, kisha sarafu ininginizwe kwa uzi ndani ya maji pasipo kugusa kikombe. Kwa reale ya kweli mizani itasoma gramu 2.75 hivi. Ikiwa ni shaba iliyochanganywa na zinki na kupakwa rangi ya fedha, hata kama uzito wake mkavu ni sawasawa, itasoma karibu gramu 3.3. Mlaghai anaweza kuiga sura na uzito. Kuviiga vyote pamoja na ujazo wa madini ni kazi ngumu zaidi.

Wako watu watakaosema kwamba haya ni mambo ya starehe, na kwamba mwenye fedha za kuchezea na aachwe azipoteze. Hoja hiyo haina uzito. Tajiri ana mtaalamu wa kumshauri. Anayenaswa kwa urahisi ni mtumishi anayekaribia kustaafu, aliyeambiwa kwamba sarafu ya kale ni akiba isiyooza, na ambaye kiinua mgongo chake hakitarudi mara ya pili. Tena nchini Tanzania upo uvumi wa miaka mingi juu ya hazina zilizofukiwa na Wajerumani walipokimbia. Uvumi huo umewanufaisha matapeli na kuwachosha wachimbaji wa mashimo matupu. Rupia bandia ikiletwa mbele ya mtu aliyelelewa katika uvumi huo, nusu ya kazi ya tapeli imekwisha kufanywa.

Hasara nyingine ni ya elimu, nayo ni kubwa kuliko ya fedha. Sarafu ni hati. Sarafu za shaba za Kilwa hazina tarehe, lakini zimebeba majina ya masultani, na kwa majina hayo wanahistoria wamesaidika kupanga nani alitawala kabla ya nani katika mji ule aliouzuru Ibn Battuta mwaka 1331. Sarafu za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, zimewashughulisha wasomi kwa sababu mahali zilipookotwa panajulikana. Sasa mwenye kutengeneza sarafu bandia ya Kilwa na kuitungia kisa cha kuokotwa anaandika ukurasa wa uongo katika kitabu chenye kurasa chache. Na mwalimu atakayeipitisha sarafu hiyo mikononi mwa wanafunzi arobaini atakuwa amewafundisha uongo huo arobaini kwa mara moja, ingawa nia yake ilikuwa njema.

Aidha, halisi nayo ina masharti yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya kale ya Tanzania, na hairuhusu kuyachimba wala kuyapeleka nje ya nchi bila kibali. Muuzaji anayejigamba kwamba sarafu yake imetoka ardhini Kilwa juzi tu, mnunuzi amwulize kibali kiko wapi. Ikiwa anasema kweli, huenda amevunja sheria. Ikiwa anasema uongo, anauza bandia. Katika hali zote mbili mtu mwadilifu haweki fedha yake hapo.

Wajibu basi uko wazi. Shule inayotaka kuwaonyesha watoto sarafu ya tembo, na haina uwezo wa kununua halisi, ichukue nakala iliyoandikwa kuwa ni nakala, na watoto waambiwe hivyo. Hakuna aibu katika nakala inayosema kweli. Mtumishi anayetaka kuweka akiba, na aanze kwa kununua mizani kabla hajanunua dhahabu. Na kila anayenunua aandike alichonunua, kwa nani, kwa uzito gani na kwa bei gani, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hufupishwa na mtu anayeuliza na kupima.