Kabla ya Kununua Pampu Mpya ya Mafuta

Gari linapozimika njiani na kukataa kuwaka, neno la kwanza litokalo kinywani mwa fundi aghalabu huwa ni hili: "Pampu imekufa." Mwenye gari hutoa fedha, pampu hununuliwa, gari huwaka, na baada ya wiki mbili huzimika tena, pengine usiku, pengine mama na watoto wamo ndani. Juma hili tunataka kulizungumza jambo hilo kwa utulivu, hasa kwa ajili ya ndugu zetu wa Mbeya, Tukuyu na Kyela ambao huvuka mpaka wa Kasumulu kwenda Karonga kwa biashara au kuwatembelea jamaa, kisha hurejea wakiwa wamejaza tangi upande wa pili.

Tumewataja hao kwa sababu. Nchini Malawi, tangu mwaka 1982, petroli imekuwa ikichanganywa na ethanoli, yaani spiriti inayopatikana kwa kuchachusha na kukeneka molasi za kiwanda cha sukari. Kiwanda cha kwanza kilijengwa Dwangwa, kando ya ziwa. Kiwango cha mchanganyiko hupanda na kushuka kwa kadiri ethanoli inavyopatikana. Kenya nayo iliwahi kufanya hivyo katika miaka ya 1980 kwa ethanoli ya Muhoroni, na Brazili imekwenda mbali zaidi: huko yapo magari mamilioni yanayotembea kwa ethanoli tupu bila matatizo, kwa kuwa yaliundwa kwa ajili hiyo.

Magari mengi tunayoyatumia sisi hayakuundwa hivyo. Yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na sheria ya huko iliruhusu ethanoli isiyozidi asilimia 3 katika petroli ya magari ya kawaida. Ilipofika mwaka 2012 ndipo asilimia 10 iliporuhusiwa, nayo ni kwa magari yaliyoandaliwa kuipokea. Hivyo gari la familia lililotengenezwa mwaka 2004 halikutarajiwa na waundaji wake kukutana na mafuta ya Karonga. Hatusemi kwamba litaharibika kwa safari moja. Tunasema kwamba likianza kusumbua baada ya safari hiyo, yako mambo matatu yanayofanana kwa dalili, na pampu ni moja tu kati yake.

La kwanza ni mafuta yenyewe. Petroli haipatani na maji, lakini ethanoli huyapenda na huyavuta hata kutoka hewani. Petroli yenye ethanoli asilimia 10, katika nyuzi 15 za sentigredi, huweza kuficha takriban mililita 5 za maji katika kila lita bila jicho kuona chochote. Kwa tangi la lita 40, hayo ni maji ya kujaza kikombe cha chai. Yakizidi hapo, maji na ethanoli hujitenga pamoja na kuzama chini ya tangi, mahali hasa ambapo pampu hunyonya. Na kadiri mafuta yanavyopoa, ndivyo uwezo wake wa kuficha maji unavyopungua. Fikiri basi safari ya kutoka joto la ufukwe wa ziwa kupanda Tukuyu hadi Uyole: gari hupanda zaidi ya mita elfu moja, na jioni baridi huingia. Mafuta yaliyokuwa maangavu mchana huko Karonga yanaweza kugawanyika usiku huko milimani. Asubuhi gari halishiki, na pampu hulaumiwa.

Kulijua hili hakuhitaji mtambo. Chota mafuta kutoka chini ya tangi, uyatie katika chupa angavu ya kioo, uyaache yatulie kwa nusu saa. Ukiona tabaka mbili, umempata mkosaji. Mwaga mafuta hayo kwa njia salama, safisha tangi, wala usiguse pampu. Ukitaka kujua kiasi cha ethanoli, chukua chombo cha kioo chenye alama, tia mililita 10 za maji na mililita 90 za petroli, funga, tikisa, kisha subiri. Ethanoli huiacha petroli na kuyafuata maji, nalo tabaka la chini huongezeka. Likisomeka 19, basi ethanoli ni takriban asilimia 10. (Kipimo hiki hakifichui mafuta ya taa, ambayo nayo hayachangamani na maji; hilo ni balaa jingine.) Haya yote yafanyike nje, mbali na moto, sigara na watoto.

La pili ni pampu na njia yake. Ethanoli ina tabia ya kuosha. Tangi lililotumia petroli tupu kwa miaka 15 lina utando na kutu. Mchanganyiko mpya huung'oa uchafu huo na kuupeleka kwenye chujio lililo mdomoni mwa pampu. Hapo gari huwaka vizuri, hutembea vizuri katika tambarare, kisha hukosa nguvu linapopanda mlima. Ukipumzika kidogo, linaendelea. Fundi mwenye haraka atasema pampu imechoka, ilhali pampu inakabwa koo. Ukibadilisha pampu na kuacha uchafu ndani ya tangi, umeinunulia pampu mpya maradhi ya ile ya zamani.

Anzeni kwa sikio. Washa swichi bila kupiga stata, na mtu mwingine asikilize karibu na kiti cha nyuma. Katika magari mengi pampu hunguruma kwa sekunde mbili hivi, kisha hunyamaza. Isiponguruma, usikimbilie dukani: tazama fyuzi, tazama rilei, kisha mwambie fundi umeme apime volti kwenye plagi ya pampu wakati inafanya kazi. Betri ikiwa na volti 12 na pampu ikapata 9, kosa limo katika waya, rilei au erthi, na hata pampu ya bei ghali kupita zote itadhoofika hapo. Ikinguruma, hiyo ni dalili ya uhai, si ya nguvu. Nguvu hupimwa kwa geji ya presha, ambayo gereji yoyote inayojiheshimu inapaswa kuwa nayo. Injini nyingi za petroli zenye nozeli za kawaida huhitaji takriban paundi 40 hadi 50 kwa inchi ya mraba. Fundi anayehukumu pampu bila kupima volti wala presha anabahatisha kwa fedha zako, na tunaona ni haki ya mwenye gari kumwambia hivyo kwa adabu.

La tatu ndilo linalosahauliwa: geji inayosema uongo. Ndani ya tangi kuna boya lililofungwa kwenye mkono mwembamba. Boya likipanda au kushuka, kidole cha chuma huteleza juu ya njia ya umeme, na mshale wa dashibodi hufuata. Petroli karibu haipitishi umeme kabisa. Ethanoli, hasa ikiwa na maji, huupitisha kwa kiasi fulani, na viungo hivyo vilivyo wazi ndani ya mafuta huliwa polepole. Ethanoli si adui pekee. Mwaka 2004, huko Louisiana na Florida nchini Marekani, petroli iliyokuwa na salfa iliharibu viungo vya fedha vya geji katika magari mengi, yakawa yanaonyesha tangi limejaa ilhali ni tupu.

Hapo ndipo hatari ya kweli ilipo. Tunamjua jamaa mmoja wa Kyela aliyebadilisha pampu mara mbili katika mwezi mmoja. Mshale wake ulikuwa umeganda kwenye nusu. Kila gari lilipozimika alivutwa hadi gereji, fundi akafungua tangi, akaweka pampu, na kwa ukarimu akaongeza lita 5 "za kujaribia". Gari likawaka. Kilichowasha gari ni zile lita 5.

Mshale unaotetemeka, unaoanguka ghafla kwenye tuta kisha kurudi, au usiosogea baada ya kilomita 100, usiaminiwe. Fundi akishatoa boya nje, na aweke multimita kwenye omu na kulipandisha boya kwa mkono polepole. Namba zinapaswa kusogea bila kukatika. Zikiruka au kupotea, badilisha kipimo cha boya. Zikienda sawa, tatizo lipo kwenye waya au dashibodi. Wakati ukisubiri kifaa, jaza tangi na uandike kilomita katika daftari. Ethanoli ya asilimia 10 hupunguza mwendo wa kila lita kwa takriban asilimia 3 tu. Gari likianza kula robo zaidi ya kawaida, tafuta sababu nyingine.

Jambo moja la mwisho kwa fundi na kwa mwenye gari. Katika magari mengi madogo, kifuniko cha pampu kipo chini ya kiti cha nyuma, yaani chini ya watoto. Kila kinapofunguliwa, mpira wake wa kuziba ubadilishwe, nao uwe wa aina inayostahimili ethanoli, kwa sababu mpira wa kawaida huvimba na kupasuka. Baada ya kufunga, washa gari, funga vioo kwa dakika chache, uinamishe pua karibu na kiti. Ukisikia harufu ya petroli, familia isipande.