Konokono Mwenye Kofia

Wasomaji wapenzi wa Ipuli na vijiji vya jirani, mvua zikiisha jaribuni jambo moja. Simameni ukingoni mwa lambo, vuteni jani la yungiyungi kwa fimbo ndefu, mligeuze. Msiingie majini, sababu nitaitaja mbele. Huenda mtaona kikofia chembamba kimegandamana na jani, kidogo kuliko punje ya mchele. Huyo ni konokono, ingawa gamba lake halikuzunguka kama la wenzake. Wenye elimu humwita Ferrissia.

Lambo limechimbwa juzi, mbali na mto. Konokono katoka wapi? Wengine husema ameshuka na mvua. La, amepanda ndege! Bata au yangeyange huondoka na tope na vipande vya majani miguuni, na konokono au mayai yake yamo humo. Hata mbawakawa wa majini, arukaye usiku, amepata kukutwa amembeba mgongoni. Na mmoja atosha kulijaza lambo, kwa maana kila mmoja ni dume na jike pamoja, aweza kutaga bila mwenzi. Wapagazi wa zamani walitembea miezi kutoka Bagamoyo hadi Tabora. Huyu husafiri bure.

Kiangazi kikija, baadhi yao hujenga ukuta mdogo chini ya gamba, wakabakiza tundu tu, wakangoja maji.

Kikofia hiki chenyewe si adui wenu. Lakini Bulinus naye hupenda maji hayo hayo, na yeye ndiye abebaye kichocho cha mkojo. Mtamjua kwa magamba makavu yaliyotupwa ukingoni: shika gamba ncha ikitazama juu na mdomo ukikuelekea wewe, mdomo ukiwa upande wa kushoto, yaelekea ni yeye. Naye hulala miezi ndani ya tope kavu, kwa hiyo lambo likikauka msidhani amekwisha.

Mtoto mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa, na vijidudu humtafuta Bulinus wamwingie. Baada ya majuma kadhaa hutoka maelfu, hasa jua likiwa kali, nao hutoboa ngozi ya mwogaji. Wasipompata mtu, hufa kwa muda wa siku mbili hivi. Ndiyo maana maji ya kuogea yaliyokaa siku mbili mtungini, bila konokono ndani, hayana hatari hiyo.

Akina mama na akina baba, mwana akikojoa damu msinyamaze, wala msimwache adhani ni dalili ya kupevuka. Mpelekeni zahanati apewe vidonge vya prazikwanteli. Wakimpima kimo kwa ufito msishangae, ndivyo wajuavyo idadi ya vidonge. Dawa huua minyoo iliyokomaa mwilini, lakini haizuii mipya. Akirudi kuogelea lambo lile lile, huambukizwa tena.