Mvaavijiti: Jina Tunalodaiwa

Nimechoka kusikia kwamba lugha yetu haina kifua cha kubeba majina ya sayansi. Kauli hiyo niliwahi kuitoa mwenyewe darasani, mbele ya vijana walioniamini. Leo naikana, na shahidi wangu ni mdudu.

Katika mabwawa na maziwa ya Ulaya huishi mdudu ambaye buu wake hukata vipande vya majani na vijiti, akaviunga kwa uzi wa hariri autoao kinywani, kisha akavivaa kama kanzu. Akikomaa huondoka majini, naye hufanana na nondo. Mwaka 1758 Carl Linnaeus aliipa jenasi yake jina la Phryganea. Lina utukufu gani jina hilo? Limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kijiti kikavu. Basi! Mwokota kuni wa Ugiriki angalielewa.

Linnaeus aliwaweka wadudu hao katika oda ya Neuroptera, yaani wenye mbawa za mishipa. Mwaka 1813 William Kirby akawatenga katika oda yao wenyewe, Trichoptera, yaani wenye mbawa za nywele. Leo oda hiyo ina zaidi ya spishi 14,000, na Phryganea imebakiwa na chache tu.

Mwalimu wa sarufi hashangai. Nasi tulipanga nomino kwa umbo, hadi kiwavi akatuumbua: umbo lake ni la KI-VI, lakini twasema "kiwavi amekula", si "kimekula". Ndipo tukatazama upatanisho.

Kwa sababu hiyo sitakubali jina la "nondo wa maji". Mdudu huyu ana udugu na nondo, lakini si nondo. Jina hilo litamrudisha mwanafunzi kwenye kosa la kuainisha kwa sura. Napendekeza oda iitwe bawanywele, na Phryganea aitwe mvaavijiti. Jina la kitaalamu libaki pale pale, maana ndilo linalowaunganisha wataalamu wa dunia. Ila mtoto wetu apate pa kuanzia.

Bawanywele wengine wamo katika vijito vyetu, chini ya mawe tunayokanyaga tukiteka maji. Mwenye jina bora na alilete. Nitaliacha langu bila kinyongo. Nisichokikubali ni kimya.