Gemu ya hekaya ipimwe kwanza kwa lugha yake

Wanaokadiria gemu za video Ulaya na Marekani wana mizani yao, nayo imekuwa mizani ya dunia nzima: picha zinang'aa kiasi gani, mapigano yana ugumu wa kutosha, ramani ina upana gani, mchezaji atamaliza baada ya saa ngapi. Kwa gemu ya mpira au ya mbio za magari, mizani hiyo inatosha. Kwa gemu ya hekaya, ambamo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa na kusafiri naye katika ulimwengu wa mizimu, mazimwi na uganga, haitoshi hata kidogo. Gemu ya aina hii ni hadithi kwanza, na hadithi isiyoeleweka imeshindwa kazi yake hata ikichorwa kwa ustadi wa namna gani. Ndiyo maana nashikilia kwamba, kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote, mkadiriaji wa huku kwetu ajiulize: mwanafunzi wa sekondari kule Dagahaley, Kaunti ya Garissa, akiketi mbele ya gemu hii ataelewa kinachosemwa?

Dagahaley naitaja kwa sababu ndipo swali hili linapouma. Ni mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, ilifunguliwa mwaka 1992 wakati Wasomali walipokuwa wakikimbia vita baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka, na leo ina vijana waliozaliwa humo humo na hawajawahi kuishi kwingine. Nyumbani wanaongea Kisomali. Shuleni wanafuata mtaala wa Kenya, kwa hiyo wanafundishwa kwa Kiingereza na kusomeshwa Kiswahili kama somo. Sasa mletee kijana huyo mojawapo ya gemu kubwa za hekaya, tuseme zile za Final Fantasy zilizoanzia Japani mwaka 1987, au The Witcher 3 ya mwaka 2015. Ndani yake mna mazungumzo mengi kuliko riwaya nene, tena ya Kiingereza cha kale cha wafalme na wachawi, na Kiswahili hakimo. Mchezaji asiyefuata maneno hubonyeza kitufe cha kuruka mazungumzo mpaka afike kwenye mapigano, na hadithi iliyowagharimu waandishi miaka kadhaa inapita bila kusikilizwa. Akisema baadaye kwamba gemu za namna hii zinachosha, hana kosa.

Tarehe 23 Aprili 2024 ilitoka gemu iliyojaribu njia nyingine. Tales of Kenzera: Zau ni kazi ya studio ya Surgent ya Uingereza, iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji mwenye asili ya Kenya ambaye wachezaji wengi walimjua kwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins. Ilichapishwa na kampuni kubwa ya EA kwa PlayStation 5, Xbox, Nintendo Switch na kompyuta, kwa bei ya dola 19.99, yaani kama Sh2,600. Zau ni mganga kijana aliyefiwa na babake. Anafunga mkataba na Kalunga, mungu wa kifo: amletee mizimu mitatu mikubwa, naye arudishiwe baba. Wanaoshika sana mipaka ya aina za gemu watasema hii si ya uhusika kamili, kwa kuwa kuruka na kupanda majabali kumechukua nafasi kubwa kuliko kujenga mhusika. Sawa. Lakini ni hekaya, ni ya konsoli, na mchezaji anaweza kuichagulia sauti za Kiswahili.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililostahili kuongoza kila tahakiki iliyoandikwa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam. Hebu tuangalie mahali pamoja tu ndani ya mchezo. Kila baada ya safari ndefu Zau hukaa chini ya mbuyu akapumzika na kuongea juu ya msiba wake: hasira aliyo nayo, kumbukumbu anazoogopa kuzipoteza. Hapo hapigani na mtu. Kwa mchezaji asiyeelewa lugha, mbuyu ule ni kituo cha kuongezewa nguvu tu. Kwa anayesikia Kiswahili, kijana aliyefiwa anasema maneno ambayo vijana wetu wengi waliofiwa hawajapata nafasi ya kuyasema, na mapigano yanayofuata, Zau akibadilisha kinyago cha jua chenye moto na kinyago cha mwezi kinacholenga kwa mbali, yanapata maana. Wakosoaji walilalamika kwamba ramani inamshika mchezaji mkono mno na kwamba mapambano hujirudia. Kwa hayo naungana nao. Ila nasikitika kwamba lawama hizo zilipewa kurasa nzima huku lugha ikipewa sentensi moja ya kupita njia.

Kuna ushahidi kwamba lugha huzaa zaidi ya wachezaji. Poland ya miaka ya 1990 ilikuwa soko lililodharauliwa, lenye nakala za wizi kila pembe. Kampuni ndogo ya CD Projekt, iliyoanzishwa mwaka 1994, iliamua mwaka 1999 kuitoa gemu ya uhusika ya Baldur's Gate kwa Kipolandi, kwa sauti za waigizaji wanaojulikana nchini humo. Watu waliinunua. Kampuni ile ile ikaja kutengeneza hekaya yake yenyewe, The Witcher, mwaka 2007, kutokana na vitabu vya Mpolandi Andrzej Sapkowski. Kwanza walizoea kusikia hekaya ya wengine kwa lugha yao. Baadaye wakaiuzia dunia ya kwao.

Atatokea wa kuniuliza: Kiswahili ni lugha ya Dagahaley tangu lini? Swali ni halali, na jibu kamili ni kwamba kijana wa huko anastahili pia gemu ya Kisomali. Hekaya zenyewe zipo tele. Kuna Dhegdheer, mwanamke mla watu mwenye sikio refu, na Qori Ismaris, mtu anayejisugua kwa kijiti usiku akageuka fisi. Lakini Kiswahili ndiyo lugha ya taifa katika nchi anamosomea, na anaihitaji kila atokapo nje ya kambi. Kuisikia ikisema jambo zito, nje ya karatasi ya mtihani, ni faida ambayo kitabu cha sarufi hakiwezi kumpa.

Pingamizi la dini ni zito zaidi, na wanaolitoa wasichekwe. Mzazi Mwislamu akisikia mganga, mizimu na mungu wa kifo, ana haki ya kusita na kuuliza mwanawe anacheza nini. Namwomba atazame mambo mawili. Wazee waliosimulia Dhegdheer nao walikuwa watu wa swala tano, na hakuna aliyedhani wanamwabudu zimwi. Pili, safari ya Zau yote ni ya mtu anayejifunza kwamba kifo hakijadiliwi bei. Ni funzo ambalo mzazi huyo mwenyewe humfundisha mtoto kila msiba unapobisha hodi.

Wapo pia watakaosema haya ni anasa, kwamba mgao wa chakula Dadaab umepunguzwa mara kadhaa na hapa tunajadili gemu. Chakula ni cha kwanza, sibishani. Lakini kijana mwenye njaa hajaacha kutaka hadithi, na vijana wanacheza tayari. Suala ni wanacheza nini. Katika miji ya Kenya wengi hawana mashine yao. Hulipia kibandani, kwa mechi au kwa dakika. Mechi ya mpira huisha upesi, wanacheza wawili, aliyefungwa anampisha anayengoja benchi, na mwenye kibanda anaiona hela yake. Gemu ya hekaya humkalisha mmoja kwa saa nyingi, na safari yake ikihifadhiwa kwenye mashine ya wote, kesho anaweza kukuta mwingine ameifuta. Kambini ongeza gharama ya umeme unaonunuliwa kwa wenye jenereta. Kwa hesabu hiyo hekaya hushindwa na mpira kabla haijawashwa. Na hapa ndipo sauti inapogeuza hesabu. Maandishi madogo kwenye skrini humfaa aliyeshika kidhibiti peke yake. Sauti inayoeleweka humfikia kila aliyeketi benchi, hata asiyesoma haraka. Hekaya inayosikika vizuri yaweza kulipiwa na kundi zima, kama sinema, wakipokezana kidhibiti. Kenzera, ambayo mchezaji wa kawaida huimaliza chini ya saa kumi na mbili, inafaa kugawanywa jioni kadhaa kwa namna hiyo.

Kwa mizani yangu, basi, Tales of Kenzera: Zau ni gemu ya wastani kwa ramani, nzuri kwa mapigano, na bora kwa jambo ambalo gemu kubwa kuliko yenyewe hazijathubutu kulifanya. Bei yake bado iko juu kwa familia ya Dagahaley, na EA ingefanya vyema kuishusha kwa shule na maktaba za Afrika Mashariki. Mwaka 2024 Surgent ilitangaza pia kwamba inaandaa gemu kamili ya uhusika, Project Uso, na kwamba inatafuta mfadhili. Atakayetoa fedha hizo aweke sharti la sauti za Kiswahili tangu siku ya kwanza. Na watengenezaji gemu wa Nairobi wanaotafuta hekaya ambayo dunia haijaiona wapande basi la Garissa, wakawasikilize wazee wa Kisomali wakimsimulia Dhegdheer.